Plagi: Historia ya Neno la Gereji na Funzo Lake kwa Waundaji wa Istilahi

Utangulizi

Miongoni mwa maneno yaliyoenea nchini bila kupita mbele ya kamati yoyote, neno plagi lina mahali pake pa pekee. Halikuletwa na mwalimu wala mfasiri. Lililetwa na lori. Dereva analijua, utingo analijua, na mwenye duka la spea hulisikia mara nyingi kwa siku. Hata hivyo neno hilo hilo limekuwa likiwasumbua wanaofasiri vitabu vya ufundi, kwa kuwa ndani ya gari moja laweza kutaja vitu vitatu au vinne visivyofanana kabisa, na nje ya gari likataja kitu kingine tena.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi jinsi kifaa chenyewe kilivyozuka, jinsi mataifa mbalimbali yalivyokipa jina, na jinsi jina letu lilivyoingia. Kisha istilahi hiyo itapimwa kwa kazi moja mahsusi, nayo ni kubadilisha plagi za lori kuukuu la petroli. Kazi hiyo imechaguliwa kwa makusudi. Mwenye lori anaweza kuifanya mwenyewe kwa spana moja na subira kidogo, au anaweza kulipeleka lori kwa wakala na kulipa. Aghalabu linaloamua si ugumu wa kazi, bali ni kama maelezo yake yameandikwa katika lugha aijuayo na kwa maneno yasiyompoteza. Hapo ndipo kazi ya mtu wa istilahi inapogusa mfuko wa mwananchi.

Kifaa chenyewe

Injini ya petroli huchoma mchanganyiko wa hewa na mvuke wa petroli ndani ya silinda. Mchanganyiko huo hauwaki wenyewe kwa wakati unaotakiwa. Hapana budi uwashwe. Mwaka 1860 Étienne Lenoir, aliyefanya kazi zake mjini Paris, alipata hataza ya injini ya gesi iliyowashwa kwa cheche ya umeme. Lakini kwa miaka mingi baadaye njia nyingine zilishindana na hiyo. Injini za kwanza za Daimler, mathalani, zilitumia kijibomba kilichopashwa moto na taa mpaka kikawa chekundu. Njia ya cheche ilipata nguvu mwaka 1902, pale Gottlob Honold, mhandisi katika karakana ya Robert Bosch huko Stuttgart, alipotengeneza magneto ya volti nyingi pamoja na plagi ya kuitumia.

Sehemu za kifaa hicho ni chache. Kuna ganda la chuma lenye hesi, ambalo hukazwa katika tundu la silinda hedi. Ndani ya ganda mna kihami cheupe cha kauri, na katikati ya kihami hupita elektrodi moja. Elektrodi ya pili imeunganishwa na ganda na kupindwa ili ielekee ile ya kati, na baina yao huachwa upenyo mdogo ambao mara nyingi haufikii milimita moja. Umeme wa volti elfu kumi na zaidi unapofika, huruka upenyo huo, na cheche huonekana. Katika injini ya mipigo minne inayozunguka mara 3,000 kwa dakika, kila plagi hutoa cheche mara 1,500 kwa dakika hiyo. Injini ya silinda sita hupata cheche 9,000. Si ajabu basi kwamba elektrodi hulika na upenyo hupanuka.

Kihami ndicho kilichowatesa watengenezaji wa awali. Kauri ya kawaida ilipasuka kwa joto, na wengine wakatumia ulanga, hasa katika injini za ndege na za magari ya mashindano. Tangu miaka ya 1930 kauri iliyotengenezwa kwa oksidi ya alumini ilianza kushika nafasi hiyo, na ndiyo itumikayo hata leo. Yafaa mtu wa istilahi akumbuke jambo moja hapa. Neno ulanga halikuwa na haja ya kuundwa, kwa kuwa madini hayo yalichimbwa katika milima ya Uluguru tangu enzi ya Wajerumani. Si kila kitu cha kiwandani kinachokuja kwetu bila jina.

Mshumaa au kizibo?

Mataifa yaliyokipokea kifaa hiki yaligawanyika katika makundi mawili makubwa kwa namna ya kukiita.

Kundi la kwanza lilitazama umbo na moto. Kitu chembamba, cheupe, kinachotoa mwali nchani: kwa macho yao huo ulikuwa mshumaa. Wafaransa wakasema bougie, Waitalia candela, Wareno vela, Warusi svecha. Wajerumani wakaunganisha tendo la kuwasha na mshumaa, wakapata Zündkerze. Katika Kiarabu cha vitabu kifaa hicho huitwa sham'a, yaani mshumaa pia.

Kundi la pili halikutazama moto bali tundu. Silinda hedi ina tundu, na tundu lazima lizibwe, la sivyo injini haina mgandamizo. Kwa Waingereza, basi, kifaa hicho ni kizibo, ndiyo maana ya neno lao plug. Wachina walifuata njia hiyo lakini kwa maneno yao wenyewe: huohuasai ni cheche na kizibo vilivyounganishwa. Waafrikana wa Afrika Kusini walifanya vivyo hivyo na kupata vonkprop.

Historia ya neno la Kifaransa inatugusa zaidi kuliko tunavyodhani. Bougie ni jina ambalo Wafaransa waliuita mji wa Béjaïa, bandari ya Aljeria, ambako nta ilipelekwa Ulaya katika zama za kati. Mji ukaupa mshumaa jina lake, na mshumaa ukakipa kifaa cha injini jina hilo hilo. Kwa hiyo neno linalotumika katika gereji za Paris lina asili ya pwani ya Afrika. Nasi kwa upande wetu neno mshumaa tulilipata kutoka Kiarabu, katika neno lile lile la nta ambalo Waarabu wa leo hulitumia kwa kifaa hiki. Lau Kiswahili kingepokea gari kupitia Kiarabu cha vitabu, yamkini tungekuwa tukisema mishumaa ya injini bila kuona kinyaa.

Jambo hilo si la kubuni tu. Kiswahili kimezoea kutoa majina kwa mfano wa umbo. Mzinga wa nyuki uliazima jina lake kwa silaha kubwa yenye uwazi ndani. Ndege wa angani aliazima lake kwa chombo ambacho zamani kiliitwa eropleni. Na kifaru aliazima lake kwa gari la vita lenye deraya. Kwa nini basi plagi haikupata jina la namna hiyo? Jibu limo katika historia ya gereji.

Jina lilivyoingia kwetu

Safari ya gari iliyosifika zaidi katika enzi ya Wajerumani ni ile ya Paul Graetz, aliyeondoka Dar es Salaam mwezi Agosti 1907 na kufika Swakopmund, pwani ya magharibi, mwezi Mei 1909. Lakini magari ya enzi hiyo yalikuwa machache mno, na mafundi wake walikuwa Wazungu. Kijerumani kilituachia shule na hela; mshumaa wake wa kuwashia haukuacha alama katika Kiswahili cha kawaida.

Mambo yalibadilika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Majeshi ya Uingereza yaliyoingia kutoka kaskazini mwaka 1916 yalitumia magari, yakiwemo magari mepesi ya Ford. Ford ya namna ya T, iliyotengenezwa kuanzia 1908 hadi 1927 kwa idadi iliyozidi milioni 15, ilikuwa na silinda nne na plagi nne, na dereva alitarajiwa kuzifungua na kuzisafisha mwenyewe njiani. Baada ya vita gari na lori viliendelea kuja, na pamoja navyo yakaja maneno: breki, gia, klachi, tairi, kabureta, betri, spana. Mkufunzi alikuwa Mwingereza au fundi wa Kihindi, na mwanafunzi alikuwa kijana aliyesikia neno huku mkono wake umeshika kitu. Hakuna aliyemwuliza kama angependa jina jingine.

Katika Vita vya Pili vya Dunia maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki walifunzwa udereva na ufundi wa magari jeshini. Waliporudi nyumbani walikuwa na msamiati mmoja, awe mtu ametoka Kisumu, Tabora au Songea. Mwaka 1947 ulianza mpango wa karanga huko Kongwa, na ijapokuwa uliachwa mwaka 1951 kwa hasara kubwa, uliwaacha madereva na mafundi waliozoea mitambo. Kisha, baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, malori yalianza kusafirisha petroli kutoka Dar es Salaam hadi Zambia katika barabara ambayo wakati huo sehemu kubwa haikuwa na lami. Katika safari kama hizo neno lisiloeleweka mara moja halikuwa na nafasi.

Kwa sauti zake, neno plagi lilifuata kanuni iliyokwisha kujiweka yenyewe. Irabu fupi ya Kiingereza iliyomo katika plug huwa a kwa Waswahili, na neno hufungwa kwa irabu ya mwisho. Basi, brashi, klachi na plagi yote yalipita njia moja. Kadhalika injini isiyochoma sawasawa ikasemwa kuwa inamisi, na kitenzi hicho kikavaa viambishi vyote vya Kiswahili: ilimisi, itamisi, haimisi.

Upande wa magharibi historia ilikwenda njia nyingine. Kongo, Rwanda na Burundi zilipokea gari kupitia Kifaransa cha Wabelgiji. Huko kifaa hicho ni buji, lori ni kamio na tairi ni pine. Katika mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura, unaojulikana kwa mafundi wake wa magari na kwa Kiswahili chake, anayetafuta plagi huenda akaulizwa kwanza ni plagi ya nini. Tangu mwaka 2022, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, swali hilo limekuwa kubwa zaidi, kwa sababu maelezo ya ufundi yanayoandikwa Dar es Salaam au Nairobi yanaweza kusomwa Bukavu na Lubumbashi.

Na kamati zilikuwa wapi wakati huo wote? Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi mwaka 1930, nayo ilishughulika zaidi na tahajia, sarufi na vitabu vya shule. Kamusi za Frederick Johnson zilitoka mwaka 1939. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa Tanzania kwa sheria ya mwaka 1967, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoka mwaka 1981. Mwaka 1987 Rajmund Ohly, aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam, alitoa kamusi ya msingi ya ufundi ya Kiingereza na Kiswahili. Katika kila hatua hiyo, mtu wa kamusi alipofika gereji alimkuta fundi amekwisha fika kitambo.

Kazi yenyewe: lori kuukuu la silinda sita

Tuchukue lori la Bedford la namna ya TJ, lililoanza kutoka Uingereza mwaka 1958 na kujulikana sana katika barabara za Afrika Mashariki. Mengine yalikuwa ya dizeli, lakini lile la petroli lilikuwa na silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na plagi zake sita hufikika kwa mkono bila kufungua mitambo mingine. Hebu tufuate kazi hatua kwa hatua, tukitazama maneno kama tunavyotazama vyuma.

Kwanza injini iachwe ipoe. Waya za plagi zitiwe alama kabla ya kuchomolewa, kwa kuwa injini ya silinda sita haichomi kwa mfuatano wa moja hadi sita. Mpango uliozoeleka ni 1, 5, 3, 6, 2, 4. Waya zikibadilishana, cheche itafika silinda isiyokuwa tayari. Waya huchomolewa kwa kushika kofia yake, si kwa kuvuta waya wenyewe.

Pili, kila plagi ilegezwe robo mzunguko tu, kisha vumbi lililokaa kando yake lipulizwe. Hatua hii hurukwa mara nyingi, nayo ndiyo inayookoa injini. Mchanga ukidondoka ndani ya silinda, husaga kuta zake na ringi za pistoni. Baada ya kupuliza, plagi ifunguliwe na kutolewa, na zote sita zipangwe mezani kwa mfuatano wa silinda zake.

Tatu, plagi zisomwe. Mafundi hutumia kitenzi kusoma hapa, nacho kinafaa kabisa. Plagi yenye rangi ya kahawia hafifu au kijivu yasema kwamba silinda yake ni nzima. Plagi nyeusi yenye masizi makavu yasema kwamba petroli ni nyingi kuliko hewa, pengine kwa sababu kabureta haijasetiwa au kichujio cha hewa kimeziba. Plagi iliyolowa oili yaonyesha ringi au vali zilizolika. Plagi nyeupe yenye malengelenge yaonya juu ya joto kupita kiasi. Anayeandika kwa leo aongeze kwamba vitabu vya zamani viliandikwa wakati petroli ilikuwa na risasi, na madini hayo yaliacha ukoga wake juu ya kihami. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliacha petroli hiyo kufikia mwaka 2006. Kwa hiyo maelezo ya rangi yaliyomo katika vitabu hivyo yasifasiriwe bila kusahihishwa.

Nne, plagi mpya zilinganishwe na za zamani. Unene na hesi peke yake havitoshi. Plagi yenye hesi ndefu kupita kiasi yaweza kugongwa na pistoni. Tena kuna zinazoitwa za moto na za baridi. Maneno haya hayasemi lolote juu ya nguvu ya cheche. Yanaeleza kasi ya plagi kupeleka joto lake kwenye silinda hedi. Plagi ya moto hupoteza joto polepole, na hivyo huunguza masizi yake. Ya baridi hupoteza joto upesi, nayo hufaa injini inayofanya kazi nzito.

Tano, upenyo upimwe kwa bapa nyembamba za chuma. Kipimo ni kile alichokitaja mtengenezaji. Kwa injini nyingi za enzi hiyo ni baina ya milimita 0.6 na 0.8. Elektrodi ya pembeni ndiyo ipindwayo, wala si ya kati, kwa kuwa kuibana ya kati kutapasua kihami.

Mwisho, plagi ianzishwe kwa vidole mpaka hesi zishikane, na ndipo spana ya plagi itumike kuikaza kwa kiasi. Atakayeanza kwa spana aweza kupindisha hesi za silinda hedi, na kazi ya nusu saa ikawa ya wiki nzima.

Mwenyewe au wakala?

Swali hili halikuwa na jibu moja katika vipindi vyote. Enzi ya ukoloni, wakala wa magari alikuwa mjini, vitabu vyake vilikuwa vya Kiingereza, na wateja wake wengi walikuwa serikali, wenye mashamba na makampuni. Mwenye lori moja huko bara alimtegemea fundi wa chini ya mti. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, biashara kubwa ya kuagiza bidhaa iliwekwa chini ya mashirika ya umma katika Tanzania. Bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973 na tena 1979, na fedha za kigeni zilipoadimika mwanzoni mwa miaka ya 1980, spea zikawa haba. Plagi zilizokwisha maisha yake zilisuguliwa kwa msasa, zikasetiwa upya na kurudishwa injinini. Katika hali hiyo aliyejua kusoma plagi aliweza kuliendesha lori lake, asiyejua alilisimamisha.

Lipo la kusemwa kwa upande wa wakala. Ana vipimo, ana spea halisi, na akikosea kuna wa kuulizwa. Katika injini za siku hizi, ambazo plagi zake zimefichwa chini ya mitambo mingine na kukazwa katika alumini laini, si kila mtu ajaribu. Lakini kwa lori kuukuu lenye silinda hedi ya chuma cha kusubu na plagi zilizo wazi, hoja ya ugumu haina nguvu. Kinachobaki ni hoja ya maarifa, na maarifa hupita katika lugha.

Januari 1967 serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba Kiswahili kitumike katika shughuli zake zote. Barua na fomu zikabadilika, lakini mwongozo uliokuwa ndani ya kisanduku cha gari la serikali uliendelea kuwa wa Kiingereza, na baadaye wa Kijapani uliofasiriwa kwa Kiingereza. Dereva aliandika ripoti yake ya safari kwa Kiswahili, lakini asingeweza kusoma kwa lugha hiyo ni lini plagi zilipaswa kubadilishwa. Katika hali hiyo kazi ndogo iliweza kupelekwa kwa wakala kwa bei ya kazi kubwa.

Matatizo ya istilahi

Sasa tufikirie mwongozo wenye sentensi hii: Ondoa plagi, isafishe, kisha irudishe. Mwanafunzi aliye chini ya gari, mbele ya kizibo cha sampu, ataifungua plagi aionayo, na oili yote itamwagika juu yake. Mwanafunzi wa gari la dizeli ataishangaa sentensi, kwa kuwa dizeli huwaka kwa joto la mgandamizo na haina plagi za cheche. Lakini akiangalia vizuri atakuta kwamba injini nyingine za dizeli zina vifaa vya kupashia joto wakati wa asubuhi, navyo pia huitwa plagi. Na fundi wa umeme atakuwa na ile iingiayo ukutani.

Kosa hapa si la neno la mkopo. Kiingereza chenyewe kina utata huo huo, nacho huuondoa kwa kuongeza neno la kufafanua. Kosa ni kuchukua nusu ya istilahi na kuiacha nusu nyingine. Wako waliotoa rai kwamba dawa ni kutupa plagi na kuunda neno jipya kwa mizizi ya Kibantu, kama kiwashio au kitoacheche. Rai hiyo ina heshima yake, kwa kuwa Kiswahili kimefanikiwa kwa njia hiyo mara nyingi: ikulu tuliipata kutoka lugha za Wanyamwezi na Wasukuma, kitivo kutoka kwa Wasambaa, na ngeli kutoka kwa Wahaya. Lakini tuangalie maneno hayo yanakaa wapi. Yanakaa katika serikali, chuo na sarufi, mahali ambapo mwenye mamlaka anaweza kuandika neno juu ya mlango na watu wakalifuata. Gereji haina mlango wa namna hiyo. Neno ambalo muuza spea halijui halitamletea mnunuzi plagi.

Jambo la pili, ambalo wafasiri hulisahau, ni vitenzi. Fundi hachanganyi plagi zake kama tunavyodhani, kwa sababu huzitenga kwa matendo. Plagi ya ukutani huchomekwa na kuchomolewa. Plagi ya injini hufungwa na kufunguliwa, hulegezwa na kukazwa. Cha sampu hufunguliwa ili oili imwagwe. Mfasiri anayeandika ondoa kwa kila kimoja amefuta alama ambazo lugha ilikuwa imekwisha kuziweka. Kabla ya kuunda nomino mpya, tungekusanya kwanza vitenzi vya mafundi.

Mapendekezo

Kutokana na historia hii, yafuatayo yanapendekezwa kwa wafasiri, walimu na maofisa wanaotayarisha miongozo:

1. Plagi ibaki kuwa jina la jumla, kwa kuwa imekwisha kukubaliwa na watumiaji wake kwa vizazi kadhaa.

2. Katika maandishi ya ufundi isitumike peke yake inapotajwa mara ya kwanza. Iandikwe plagi ya cheche kwa kifaa cha injini ya petroli, plagi ya joto kwa kile cha dizeli, na plagi ya umeme kwa ile ya ukutani. Cheche ni neno letu wenyewe, linaeleweka kila mahali, na linabeba kazi nzima ya kifaa.

3. Kile cha kutolea oili kisiitwe plagi kabisa, bali kizibo cha oili. Hapa Kiswahili kina neno kamili, wala hakuna sababu ya kukopa.

4. Buji iingizwe katika kamusi na kupewa maelezo ya eneo lake, isitajwe kama kosa. Msomaji wa Bukavu ni msomaji wetu.

5. Kila istilahi ya kitendo ipewe kitenzi chake: kulegeza, kufungua, kuchomoa, kuseti, kukaza. Orodha ya nomino bila vitenzi ni kisanduku cha vyuma bila spana.

Tamati

Malori makubwa yanayopita barabarani leo ni ya dizeli, na huenda ikafika siku ambapo magari ya betri yatalifanya neno plagi ya cheche kuwa la makumbusho, na plagi ya umeme ikawa ndiyo plagi ya gari. Hata hivyo pikipiki nyingi zinazobeba abiria katika miji yetu bado huwaka kwa cheche, na kila moja ya hizo ina plagi yake ambayo kijana mwenye pikipiki anaweza kuibadilisha mwenyewe kando ya njia. Kwa kijana huyo karatasi moja ya maelezo, iliyoandikwa kwa maneno ayajuayo na yasiyogongana, ina faida kuliko orodha ndefu ya istilahi safi zisizofika dukani. Wenye dhamana ya lugha watamfaa zaidi wakianza kwa kwenda gereji na daftari.